SOMO: Kufundisha kipupwe darasa la kwanza na la pili kwa chupa ya mafuta ya nazi

Walimu wenzangu, kila ikifika mwezi wa sita napata ujumbe uleule: "Mada ya majira ya baridi naifundishaje huku Tanga, watoto hawajawahi kuona theluji?" Nimejibu mmoja mmoja miaka mingi. Safari hii naandika mara moja, anayeuliza mwelekezeni hapa.

Theluji iacheni kwanza. Mtoto wa Makorora au Chumbageni ana baridi yake, inaitwa kipupwe, na anaijua vizuri: maji ya kuoga asubuhi yanamuuma, bibi amejitanda kanga mbili, bahari imechafuka na samaki wamepanda bei. Ukimwanzishia kwa picha ya mtoto wa Ulaya aliyevaa glovu, umemfundisha kwamba majira ni ya watu wengine. Mwanzishie kwa chupa iliyo chumbani kwa mama yake. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, chini ya hapo huganda. Asubuhi za Juni hadi Agosti hapa kwetu hushuka hadi nyuzi 20 au 21, mchana joto linapanda. Kwa hiyo asubuhi unayakuta meupe, saa sita ni maji. Kipimajoto gani kingine mtoto wa miaka saba atakisoma bila kufundishwa?

Hatua ya 1. Mafuta. Nunua mafuta halisi ya nazi, robo lita inatosha darasa zima. Ngamiani yapo, ila mengine yamechanganywa na alizeti. Yaweke kwenye friji, hata ya jirani, usiku mmoja. Yakiwa magumu yote, ni halisi. Yakibaki rojorojo, pikia samaki, tafuta mengine.

Hatua ya 2. Chupa. Chupa ndogo za maji, zinazoonyesha ndani, zikauke kabisa. Gawanya mafuta sawasawa kwenye chupa zote. Moja kwa kila madawati matano.

Hatua ya 3. Mahali pa kuweka. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo someni taratibu. Mwaka wa kwanza nilibeba chupa moja kutoka nyumbani, imeganda vizuri, nimeiviringishia kanga. Nikampa mtoto wa dawati la mbele, nikamwambia ashike apitishe. Nina watoto 84. Ilipofika dawati la nne mafuta yalikuwa yameachana na ukuta wa chupa, kipande cheupe kinaelea katikati kama kiini. Ilipofika katikati ya darasa hakuna kitu, mafuta matupu. Binti wa nyuma akaishika, akaigeuza juu chini, akasema, "Mwalimu, mbona hayajaganda?" Sikuwa na cha kumwonyesha. Kesho yake nikaiweka dirishani, dirisha linatazama mashariki. Tulipotoka mstarini jua lilikuwa limeshaiwahi.

Basi zingatieni: chupa zilale shuleni, zisisafiri. Ziwe upande wa magharibi wa darasa, chini kwenye sakafu ya saruji. Mtoto ainue kwa kifuniko tu, asishike tumbo la chupa, kwa sababu kiganja kina joto kupita hizo nyuzi 24. Funika kwa boksi, panya wanapenda mafuta ya nazi. Mwambie na mlinzi, asije akajipaka. Chupa ya kioo hapana, kabisa.

Siku ya mwisho wa wiki, hilo kosa langu ligeuzeni zoezi: kikundi kimoja kishike chupa kwa viganja, kingine kisiguse, wote wahesabu kwa sauti. Watoto wanaona kwa macho yao kwamba mwili wao ni moto.

Hatua ya 4. Kuandika. Mara mbili kwa siku, asubuhi na kabla ya kwenda nyumbani. Chora ubaoni au kwenye boksi jedwali la siku tano. Duara lililojazwa chaki ni "yameganda", nusu ni "nusu", tupu ni "yameyeyuka". Mtoto asiyejua kusoma bado anaweza kujaza.

Hatua ya 5. Upepo. Kila mmoja atengeneze pangaboi la ukuti wa mnazi. Tokeni nje, waelekee kibla. Hapa Tanga kibla iko karibu kaskazini kabisa, na watoto wengi wanaijua kutoka msikitini au chuoni. Wasioijua wataelekezwa na wenzao. Wakisimama hivyo, kusi, upepo wa msimu huu, inawapiga mgongoni upande wa kulia. Mwambie kila mmoja aonyeshe inakopiga. Ukirudia Januari, kaskazi, upepo wa wakati huo, itawapiga usoni upande wa kulia. Hawatasahau.

Hatua ya 6. Hesabu. Machungwa ya Muheza yamejaa msimu huu. Menya, tenganisha, hesabuni vipande. Mara nyingi vinakaribia kumi, si lazima kumi, na ubishi wa nani kapata tisa na nani kapata kumi na moja ndiyo hesabu yenyewe.

Hatua ya 7. Maneno: ganda, yeyuka, poa, vuguvugu. Sentensi moja kila siku daftarini.

MASWALI

Ticha_Pongwe: Mafuta ya alizeti si yanafaa pia? Ndiyo niliyonayo.
Jibu: Hatua ya 1, ticha. Hayagandi kwa baridi yetu.

Mwl. Neema J.: Mada nzuri. Naomba andalio la somo na azimio la kazi, mthibiti ubora anakuja kesho.
Jibu: Andalio linatokana na darasa lako, siwezi kukuandikia. Hatua zote ziko hapo juu.

Mdau wa Lushoto: Shikamoo mwalimu. Huku kwetu Julai mafuta hayayeyuki kutwa nzima, chupa ni nyeupe asubuhi hadi jioni. Jedwali langu litakuwa na duara la aina moja tu. Nifanyeje?
Jibu: Marahaba mwanangu, swali zuri sana. Wewe geuza: kwenu cha kutafuta ni wapi yanayeyuka. Weka chupa moja juani, moja kivulini, moja ndani ya sweta ya mtoto, moja karibu na jiko la shule. Watoto wabashiri ipi itaanza, ndipo mwangalie. Halafu una kitu ambacho mimi sina: pumzi inayoonekana. Asubuhi yenye ukungu watoke nje wapumue, waone "moshi" mdomoni, kisha wapumulie kioo cha dirisha na kuandika herufi kwa kidole. Hiyo ni somo la kuandika na la mvuke kwa pamoja. Jedwali lako na langu tukiyaweka pamoja, watoto wa pwani na wa milimani wataona Tanga moja ina baridi mbili. Nitafute, tubadilishane.

Baba Rehema: Haya mambo ni ya shule za kulipia. Sisi tuna watoto 120 darasani.
Jibu: Nimeandika kwamba nina 84, na shule yangu ni ya serikali, haina hata friji. Gharama ni robo lita ya mafuta na chupa za kuokota. Kwa 120, weka chupa moja kwa madawati kumi, na wasomaji wa zamu wawili kila siku.

Msomi_wa_Pangani: Mwalimu, Jumanne ilikuwa baridi kweli, nilivaa sweta, lakini mafuta yalikuwa maji. Mtoto mmoja akaitikisa chupa na ghafla yakaanza kuwa meupe. Niliogopa, sikujua niwaambie nini.
Jibu: Umeona jambo zuri kuliko yote! Mafuta yanaweza kupoa chini ya kiwango chake yakabaki maji, yakingoja pa kuanzia. Punje moja ikishaganda, nyingine zinajishikiza hapo. Mtikiso huweza kuwa ndio mwanzo. Ukitaka yasikusumbue, usiyapashe moto yakayeyuka yote. Acha kila mara chembe nyeupe chini. Ila mimi ningefanya makusudi nao warudie kutikisa. Waambie ukweli: yalikuwa tayari, yakasubiri. Na angalia mawingu pia, usiku wa mawingu huwa na joto kuliko usiku wa nyota.

Mama Zuhura: Mwanangu wa la pili kaniuliza kwa nini Krismasi kwenye picha watu wana makoti na sisi tunaogelea Raskazone. Nikakosa jibu.
Jibu: Msalimie sana huyo mtoto. Chukua chungwa, lichome kijiti katikati, kijiti kilale kidogo ubavu. Taa iwe jua. Zunguka taa bila kubadilisha mlalo wa kijiti. Upande mmoja wa mzunguko, nusu ya juu inaielekea taa; upande wa pili, nusu ya chini. Sisi tuko nusu ya chini, ingawa karibu sana na katikati, ndiyo maana kipupwe chetu ni kidogo na baridi ya Ulaya ni ya kugandisha maji. Desemba jua limeelemea kwetu, wao wanatetemeka. Na mwambie theluji ipo nchini kwetu pia, kileleni Kibo, mlima Kilimanjaro, mita 5,895.

Ticha_Pongwe: Nimepata ya nazi. Chupa inanata, naisafishaje?
Jibu: Tupia mchele mkavu kijiko kimoja, maji ya moto kiasi na sabuni, tikisa. Moto wa maji ukizidi, chupa ya plastiki inajikunja.

Bi Mkubwa wa Bombo: Sisi tukimaliza wiki, mafuta yanagawiwa watoto wapake mikono na miguu. Kusi inapasua ngozi.
Jibu: Asante bibi, hilo naliongeza. Anayefanya hivyo awaulize wazazi kwanza kama kuna mtoto ambaye nazi inamdhuru.

Msomi_wa_Pangani: Pangaboi langu halizunguki. Ukuti nimetoa kwenye kuti lililoanguka.
Jibu: Mkavu huo, unakatika mkunjo. Tafuta mbichi, tena wa karibu na ncha, ni laini. Mwiba wa mchongoma ndio ekseli, usiukaze.