Kuhifadhi methali za wazee wa vijijini Ireland

Usimwambie mzee "nitajie methali", atakwama. Mpigishe soga kuhusu mvua, ng'ombe au ndoa, na methali zitatoka zenyewe. Andika neno kwa neno, bila kusahihisha sarufi, maana ukinyoosha maneno unaua mapigo yake. "Níl aon tinteán mar do thinteán féin", methali ya Kiayalandi, yaani hakuna meko kama meko yako, hufaa mtu anaporejea kwake. Usipoandika ilisemwa lini na kwa nani, nusu ya maana imepotea. Ongeza kijiji, na nani alimrithisha. Kisha linganisha na mkusanyo wa masimulizi ya wazee uliofanywa na wanafunzi wa shule za Ireland mwaka 1937–1939, unaosomeka bure intaneti. Maneno yakitofautiana, usichague moja: hifadhi yote.