Somo: Mseto wa Choroko, Chakula cha Mwezi na Utaridi

Katika elimu ya nyota ya Wahindu, iitwayo Jyotisha, sayari huhesabiwa tisa, na kila moja imetengewa nafaka yake: Jua ngano, Mwezi mchele, Utaridi choroko, Mshtarii dengu, Zuhali ufuta. Kwa kuwa masimulizi yao humtaja Utaridi kuwa mwana wa Mwezi, mseto wa mchele na choroko, ambao wao huuita khichdi, huwakutanisha baba na mwana katika sufuria moja. Chakula chenyewe ni cha kale. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alisimulia kwamba huko India watu walikila asubuhi pamoja na samli. Siku yake ni Jumatano, siku ya Utaridi, na mimi naithamini hesabu hii kwa sababu humfanya mpishi abadilishe nafaka zake wiki nzima.

Hatua ya 1. Chambua choroko kikombe 1, zioshe, uziroweke saa 3.

Hatua ya 2. Zichemshe kwa maji vikombe 6 na manjano nusu kijiko cha chai, kwa muda wa dakika 20 hivi, mpaka punje ikibanwa kwa vidole ipondeke.

Hatua ya 3. Tia mchele kikombe 1 uliooshwa, pamoja na chumvi, kisha funika na upunguze moto. Koroga mara kwa mara, ukiongeza maji ya moto ukiona unakauka, kwa maana mseto hautakiwi kuchambuka kama pilau. Ukiuchota, uteremke polepole kutoka kwenye upawa.

Hatua ya 4. Hapa ndipo penye ladha. Pasha samli vijiko 2 vya chakula katika kikaango kidogo, utie bizari nyembamba kijiko 1 cha chai. Zitaanza kurukaruka, zikigeuka hudhurungi na kunukia, ongeza tangawizi iliyopondwa na mvuje usiozidi ncha ya kisu, kisha umimine yote juu ya mseto na ufunike papo hapo. Bizari ikiungua, imwage uanze upya, kwani uchungu wake hauondoki.

Maswali ya wanachama

Swali: Mbona hakuna kitunguu wala kitunguu saumu?
Jibu: Husimuliwa kwamba Rahu, jitu linalomeza Jua wakati wa kupatwa, lilipokatwa kichwa, matone ya damu yake yaliota vitunguu hivyo; kwa hiyo wacha Mungu wengi wa Kihindu hawavili. Mvuje, huu huu ambao Pwani hufungiwa watoto wachanga kuwakinga na mashetani, hushika nafasi yake vizuri.

Swali: Nina mbaazi tu. Zinafaa?
Jibu: Zinafaa, ila katika hesabu hii mbaazi ni za Mirihi, hivyo siku yake ni Jumanne. Ziroweke usiku kucha na uzichemshe mpaka ziive kabisa kabla ya kutia mchele.

Swali: Je, mseto huliwa siku ya Ekadashi?
Jibu: Hauliwi. Siku ya 11 ya kila nusu ya mwezi mwandamo wafungaji huacha mchele na jamii ya kunde, isipokuwa karanga. Badala yake hupika sabudana, yaani chembe nyeupe za wanga wa muhogo, pamoja na viazi na karanga zilizotwangwa. Chembe hizo ziroweke kwa maji machache yanayozifunika tu, kwa sababu yakizidi zitagandamana kuwa uji.