Ree kavu ndo karata ya kublafu kwenye Omaha

Wadau wa Omaha, ile poka ya karata nne mkononi, usiblafu (kutisha kwa kete huku huna kitu) kwa sababu umekosa, blafu kwa sababu ya karata ulizoshika. Juzi usiku tuko barazani Ngamiani, kete zetu kokwa za ukwaju, mezani zimelala shupaza tatu, hamna pea (karata mbili za namba moja), mi mkononi nna ree ya shupaza tu, shupaza nyingine sina, ndo ree kavu hiyo, yani flashi (karata tano za aina moja) sina kabisa maana Omaha lazima utumie mbili za mkononi na tatu za mezani. Lakini ree ikiwa kwako basi hakuna mwingine mwenye flashi ya ree, na mwenye flashi ya king hawezi kujua kama we unayo au huna. Nikaweka kete sawa na poti nzima (rundo la katikati), jamaa mmoja akafata, karata ya mwisho nikapiga poti tena, jamaa akazitazama zake mpaka kahawa ikapoa, akatupa.

Hesabu yake hii: poti ina kete 60 ukaweka 60, lazima mpinzani akimbie, yani atupe karata, zaidi ya nusu ya mara ndo ulipwe. Ukiweka 30 inatosha zaidi kidogo ya theluthi, ila kwa 30 mwenye flashi hakimbii, nimejaribu sana.

Mkibaki wanne achana na blafu hii kabisa, hizo ni karata 16 mikononi. Meza ikitoa pea pia acha, ree haizuii fulu hausi (tatu za namba moja na pea), nayo inaipiga flashi. Na kuna yule mzee asiyetupaga karata, huyo usimblafu hata siku moja, msubiri mpaka uwe nayo kweli.