Namna ya kuandika maisha ya Argwings-Kodhek

Wanafunzi wangu wa historia huanzia barabara ya Nairobi yenye jina la Argwings-Kodhek, kisha ajali ya gari ya Januari 1969 iliyomuua akiwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya. Nawarudisha nyuma. Anzia mahakamani.

Huyu ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa wakili Kenya. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa na Waingereza mwaka 1952, aliwatetea washukiwa wa Mau Mau, wapiganaji waliopinga ukoloni, ambao wengi walikabiliwa na kitanzi. Kwa hiyo nenda kwenye jumba la nyaraka za kitaifa pale Moi Avenue, Nairobi, uombe majalada ya kesi za miaka ile. Beba penseli na subira. Soma mwenendo wa kesi neno kwa neno: shahidi aliulizwa nini, alijibu nini. Nakili tarehe papo hapo, maana kumbukumbu hudanganya. Mimi hapo ndipo ninapomwona mtu mwenyewe, kuliko katika hotuba yoyote ya uwaziri.

Kisha siasa. Eleza kwa nini mwaka 1955 alianzisha chama cha wilaya, Nairobi District African Congress: serikali ya kikoloni haikuruhusu Waafrika kuwa na chama cha nchi nzima. Usifiche kwamba mwaka 1957 alishindwa na Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, katika uchaguzi.

Uhuru ukishafika, fungua Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za bunge, usome michango yake bungeni. Mwisho nenda Gem, jimbo lake, ukaketi na wazee. Salimia kwanza, daftari baadaye.