Idi ya kila mtu aje na sufuria yake: mambo ya kupanga kabla hujaita watu

Najua wengi mumepanga Idi hii kila mtu apike kwake alafu mkutane nyumba moja mle pamoja. Mimi napenda sana jambo hili na nimekaribisha watu hapa kwangu Amu, yaani mji wa Lamu, mara 6 sasa, kwa hio nisikizeni. Mengine nitayapita haraka, lakini kuna moja nitalisema kwa urefu manake lilitupeleka hospitali usiku.

Kwanza siku. Usiweke Idi mosi, siku hio kila mtu yuko kwa wazee wake na watoto wanazunguka kutafuta mkono wa Idi. Weka Idi pili baada ya Magharibi.

Pili, nani analeta nini. Mtu akikwambia "mimi ntaleta kitu", hilo si jibu, mbane aseme kitu gani na cha watu wangapi, uandike. Usipofanya hivo utaletewa masufuria manne ya pilau na hakuna hata kachumbari. Wali pika wewe mwenye nyumba, manake wali ukibebwa unapoa njiani unashikana, na wa nazi ukikaa umefunikwa kwa joto letu hili unachacha mara moja. Kilo 1 ya mchele ni watu 6 mpaka 8, na kwa vile kuna vyengine vingi hesabu 8. Wengine walete kuku wa kupaka, viazi vya karai, sambusa, kaimati, achari, sharubati ya ukwaju.

Gesi ya akiba, makaa, maji kwenye mapipa: mapema, usingoje maduka yafungwe.

Sufuria zitiwe alama, doti ya rangi ya kucha chini ya sufuria na nyengine kwenye kifuniko. Kifuniko cha sufuria kubwa ya mama yangu kiliondoka hapa Idi moja na mpaka leo sijakiona.

Njiani nako kuna kazi. Huku kwetu gari haziingii vichochoroni, chakula kinakuja kwa mikono au kwa punda, na anaetoka Shela au Matondoni pengine anakuja kwa boti. Waambie mchuzi usijazwe mpaka juu, alafu leso ipite chini ya sufuria ifungwe fundo juu ya kifuniko, fundo la kukaza kweli.

Sasa samaki. Hapa tulieni.

Idi moja bahari ilikuwa imechafuka, upepo wa kusi umeshika, samaki hapatikani. (Idi inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hio kila mara angalia imeangukia kusi au kaskazi.) Wifi yangu akapata jodari mzuri siku mbili kabla, akamnunua mchana, akamtembeza kwenye kikapu juani mpaka nyumbani, akamtia friji. Na hio friji stima inakata inarudi, inakata inarudi. Idi pili akamkaanga na ndimu na thomu, akaja nae. Harufu hakuna, rangi safi, nje mkavu ndani laini, mimi mwenyewe nilimsifu. Nilipotia kipande mdomoni nikahisi ulimi unawashawasha kama pilipili manga, nikadhani ndo viungo vyake.

Hata nusu saa haikufika. Ami, mdogo wake baba mkwe wangu, alikuwa amekaa daka ya nje na wanaume, akaanza kusema masikio yanamuwaka moto na moyo unamwenda mbio. Ndani binti yangu anajikuna shingo, namvua mtandio naona mabaka yamepanda mpaka kifuani. Mwengine kichwa kinampasuka, mwengine tumbo. Watu 7. Mama mkwe tulimpandisha punda, sisi wengine nyuma kwa miguu na tochi za simu, na mimi naomba njia nzima.

Daktari swali lake la kwanza lilikuwa, mumekula samaki gani? Akatueleza kwamba jodari, vibua na jamaa zao, wakikaa kwenye joto vijidudu vinageuza kitu kilicho ndani ya nyama kuwa histamini, na hio ndo inayoleta mwasho, wekundu na moyo kwenda mbio, mtu anafikiri ni mzio. Alafu akasema neno ambalo sijalisahau: ikishaingia haitoki. Ukaange, uchemshe, ugandishe kwenye barafu, iko pale pale, na pua haiwezi kukwambia. Tukapewa dawa za mzio, kufika asubuhi wote wazima alhamdulillahi. Wifi alilia sana lakini mimi sikumlaumu, mwenye kukaribisha nilikuwa mimi na sikumuuliza.

Kwa hio sasa nauliza, na wewe uliza bila haya: wifi, samaki wako kanunuliwa lini, kalala wapi, barafu ilimgusa saa ngapi? Samaki atiwe barafu tangu kwenye chombo au pale pale unaponunua, si akifika nyumbani. Stima ikikatika masaa mengi na akalainika, usimgandishe tena umlete kwa watu. Kama jibu halikukai vizuri mwambie kwa upole alete dengu au mchicha wa nazi, hatakasirika, na akikasirika yatapita. Na ukihisi ule mwasho kwenye ulimi, tema, na sinia iondolewe mbele ya watu wote.

Vilivyopikwa navyo visikae mezani zaidi ya masaa mawili. Kinachobaki kiingie friji usiku huo huo au kipewe watu wale, kisingoje asubuhi. Kawa juu ya kila sahani, paka wa Amu munawajua. Watoto wasipite karibu na karai ya mafuta, mtungi wa gesi ufungwe watu wakishapakua, na pale kwenye ngazi weka taa, wazee wanashuka na leso ndefu na matumbo yameshiba.