SOMO: Sola ya pamoja kwa fremu za mtaani, tuachane na jenereta

Kila wiki naulizwa: "Mkuu, mlifanyaje pale Mbagala mkaacha kununua petroli?" Naandika mara moja. Anayeuliza kilichokwisha andikwa nitamrudisha juu.

1. Orodhesheni vifaa vyote, wati na saa. Fremu zetu sita: taa 12 za wati 7 kwa saa 4, mashine 4 za kunyolea za wati 12 kwa saa 8, na simu za wateja. Zidisheni wati kwa saa mpate wati-saa: jumla 870 hivi kwa siku. Pasi na draya ya saluni hazimo.

2. Paneli zenye jumla ya wati 400, zielekee kaskazini, mwinamo nyuzi 10 hadi 15. Video za Ulaya zinasema kusini, ila sisi tuko chini ya ikweta. Kivuli cha mwembe kisizifikie.

3. Chaji kontrola, yaani kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unapoingia kwenye betri. Unganisheni betri kwanza, paneli baadaye.

4. Betri. Hapa ndipo tulipoumia. Tuliweka betri ya gari kwa sababu ilikuwa rahisi. Ile kazi yake ni kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache injini iwake. Ukiinyonya kila usiku mpaka taa zififie, inakufa. Yetu ilikufa mwezi wa nne tangu tuifunge. Tukarudi kwenye petroli, na wenzetu wawili wakajitoa kikundini. Hilo liliniuma kuliko hela. Nunueni betri za sola. Mbili za volti 12, Ah (ampea-saa) 100 kila moja, zinabeba wati-saa 2,400. Tumieni nusu tu. Fyuzi ikae karibu na chanya ya betri. Na betri za maji zikichajiwa hutoa gesi inayowaka, kwa hiyo ziwe penye hewa, mbali kabisa na jiko la mama lishe.

5. Mfuko. Kila fremu inatoa shilingi 1,000 kwa siku. Nusu haiguswi, ni ya betri zijazo.

MASWALI

Mdau, Kigamboni: Jumla shilingi ngapi?
— Inategemea orodha yako. Fanya namba 1, uende nayo Kariakoo.

Mdau, Tandika: Nina betri ya gari, niitumie kwanza?
— Namba 4.

Mdau, Tandika: Nimesoma, ila yangu ni kubwa.
— Ukubwa hauibadilishi kazi. Usiwaingize wenzako hasara.

Mdau, Kunduchi: Bolti zetu zinaliwa na kutu la bahari. Na umeme wa mchana unaobaki tuufanyie nini?
— Dada, asante kwa kuuliza. Tumieni bolti za stenlesi. Betri zikishajaa, umeme huo wa mchana apewe fundi cherehani: mota ya wati 100 hivi inabebeka, ila inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) iwe kubwa kuliko mota, maana mota ikianza huvuta zaidi. Mwekeni kwenye orodha.

Mdau, Kunduchi: Tutamwingiza. Sisi paneli tunaosha alfajiri. Maji baridi kwenye kioo cha moto huweza kukipasua.
— Naiongeza kwenye namba 2 leo hii.