Somo: Namna ya kujifunza vitenzi vya Kiingereza vinavyoandamana na vijineno, pamoja na nahau zake

Nimeona niliandike somo hili mara moja na kulikamilisha, kwa kuwa swali lilelile linarudi kila juma kwa maneno tofauti. Mtu anakutana na "give up", "give in" na "give out" katika ukurasa mmoja, anafungua kamusi kwenye "give", anakuta maana ya kutoa au kumpa mtu kitu, kisha anauliza ni nani hapo anayempa mwenzake nini. Wengi wanaouliza ni wanafunzi wa kidato cha kwanza waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili na kuhamia Kiingereza kwa ghafla, pamoja na watu wazima wanaofika hapa Dodoma kwa usaili wa kazi. Ninaomba kila atakayeuliza hapa chini awe amesoma hatua zote, hasa ya nne.

Hatua ya kwanza. Tafuta daftari na kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wanafunzi.

Hatua ya pili. Nakili sentensi nzima uliyoikuta. Usiandike kitenzi peke yake.

Hatua ya tatu. Pima kama kitenzi na kijineno kinachokifuata, yaani neno fupi kama "up" au "off", vimekuwa kitu kimoja. Katika "She looked up the hill", mtu ametazama upande wa juu wa kilima, na kila neno limebaki na maana yake. Katika "She looked up the word", amelitafuta neno kwenye kamusi, na hakuna aliyetazama juu. Jaribu kukihamisha kijineno: "She looked the word up" ni sahihi, lakini "She looked the hill up" haikubaliki. Jambo hili lisikutishe, kwa sababu Kiswahili chenyewe kimejaa mambo ya namna hii: anayepiga pasi hapigi kitu, na anayekula kiapo halishiki tonge.

Hatua ya nne. Kabla ya kuandika maana, tazama shamirisho, yaani kile kinachotendwa. Hapa ndipo karibu kila mwanafunzi ninayemfahamu hujikwaa, na ndiyo sababu orodha za kukariri hazimfikishi mtu mbali. Chukua "bring up". Ukisema "She brought up three children", amelea watoto watatu. Ukisema "The Member brought up the water problem", mbunge ameibua hoja ya shida ya maji. Ukisema "The baby brought up his milk", mtoto ametapika maziwa. Kitenzi ni kilekile na kijineno ni kilekile. Kilichobadili maana ni kile kinachotendwa: mtoto, hoja au chakula. Vivyo hivyo, "put off the meeting" ni kuahirisha kikao, lakini "The smell put me off" maana yake harufu ilinikinaisha hata nikaghairi. Wakati mwingine hata kutokuwapo kwa shamirisho kunasema jambo: "The plane took off" ni ndege kupaa, ilhali "He took off his shoes" ni kuvua viatu. Kwa hiyo katika daftari lako usiandike "bring up, kulea". Andika "bring up a child, kulea mtoto", kisha acha nafasi chini yake, kwa maana hakika utarudi.

Katika hatua hiyohiyo, angalia shamirisho linakaa wapi. Kwa vitenzi vingi vyenye shamirisho, nomino inaweza kukaa kabla au baada ya kijineno, hivyo "Turn off the radio" na "Turn the radio off" zote ni sahihi. Kiwakilishi hakina uhuru huo, nacho sharti kikae katikati: "Turn it off". Asemaye "Turn off it" ataeleweka, lakini msikilizaji atajua papo hapo kwamba amejifunza kwa orodha. Lipo pia kundi lisilokubali kutenganishwa hata kidogo, kama "look after", yaani kutunza: tunasema "look after him", wala hatusemi "look him after". Vile vya maneno matatu, kama "put up with", kuvumilia, na "run out of", kuishiwa, navyo kwa kawaida havitenganishwi. Kamusi kadhaa za wanafunzi huweka mshale wenye vichwa viwili kati ya shamirisho na kijineno pale ambapo nafasi hizo zinaweza kubadilishana. Ukiona mshale huo, uandike daftarini, na usipouona, usibahatishe.

Tahadhari nyingine mbili. Usidhani kijineno kina maana moja ya kudumu, eti "up" ni juu na "off" ni kuzima. "The alarm went off" maana yake kengele ya tahadhari ililia, na si kwamba ilizimika. Tena usimalize kitenzi kwa siku moja. "Give up" pekee ni kukata tamaa, "give up smoking" ni kuacha sigara, "give up your seat" ni kumpisha mtu kiti, na "The thief gave himself up" ni mwizi kujisalimisha. Maana nne zilizokutana katika matini nne zitakukaa kichwani kuliko maana nne zilizopangwa mstari mmoja.

Hatua ya tano. Kwa nahau, chunguza mambo matatu: maana ya jumla, kiasi ambacho maneno yake yanakubali kubadilishwa, na mahali zinapofaa kusemwa. Hatari kubwa ni nahau inayofanana na yetu kwa sura lakini haifanani kwa maana. "He broke my heart" inasemwa na mtu aliyetiwa huzuni kubwa, aghalabu katika mapenzi. Aliyemvunja moyo mwenzake kwa maana yetu amefanya kile ambacho Mwingereza angekieleza kwa "discourage". Sisi tukisema mtu ametia chumvi, amezidisha maneno. Wao wakisema "Take it with a pinch of salt", wanakuonya usiliamini jambo moja kwa moja. Kwetu aliyemwaga unga amepoteza kazi, ilhali "spill the beans" ni kutoa siri, na iliyo karibu nayo ni ile ya kumwaga mchele penye kuku wengi. Kuhusu kubadilika, "The beans were spilled" inakubalika, lakini ukisema "The bucket was kicked" umebakiwa na ndoo iliyopigwa teke, na maana ya kufa imetoweka. Nahau hiyo ya "kick the bucket" ni ya mzaha, hivyo isiandikwe kamwe katika salamu za rambirambi. Huko tumia "passed away".

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Kibaigwa: Mwalimu, "give up" maana yake nini?

Jibu: Imeelezwa katika hatua ya nne, aya ya mwisho.

Mwanachama, Nkuhungu: Habari za kazi, Mwalimu. Ninaomba orodha nzima ya vitenzi hivi na maana zake kwa Kiswahili, kwa kuwa nina usaili wiki ijayo na ninataka kuikariri.

Jibu: Sitaitoa, na ninaomba usiinunue kwa anayeiuza. Vitenzi hivi ni maelfu, na somo zima limeeleza kwa nini orodha ya namna hiyo itakupotosha. Kwa muda ulionao, chukua tangazo la kazi uliyoomba, toa humo vitenzi vilivyotumika, kama "carry out", kutekeleza, au "report to", kuwajibika kwa, kisha andika sentensi za kazi uliyowahi kuifanya ukivitumia. Hivyo ndivyo utakavyokutana navyo mbele ya jopo.

Mwanachama, Mpwapwa: Shikamoo, Mwalimu. Binti yangu aliandika "He has worn a red shirt" akieleza picha ya mtu aliyevaa shati jekundu, naye akakosolewa bila maelezo. Kwa Kiswahili tunasema "amevaa", na "-me-" amefundishwa kwamba ni "has". Kosa liko wapi?

Jibu: Marahaba, mama. Hili ni swali zuri, na binti yako amefikiri kwa utaratibu. Kiswahili kina kundi la vitenzi ambavyo "-me-" huonyesha hali inayoendelea baada ya tendo kwisha: amevaa, amelala, amekaa, amesimama, amechoka. Kiingereza hueleza hali hiyo kwa njia nyingine: "He is wearing a red shirt", "He is asleep", "He is sitting", "He is standing", "He is tired". Ukisema "He has worn a red shirt", msikilizaji anaelewa kwamba amewahi kulivaa wakati fulani, si lazima sasa. Halafu kitendo chenyewe cha kuingiza mwili katika nguo ni "put on", na kuvua ni "take off". Mwambie aandike jozi hizo pamoja: "She is putting on her shoes" kwa anayevaa viatu sasa hivi, na "She is wearing shoes" kwa aliyekwisha kuvivaa. Mweleze pia kwamba kanuni ya "has" haikufutwa, kwani "amefika" inabaki "He has arrived".

Mwanachama, Kizota: Ofisini kwetu wote wanasema "cope up with", wakiwemo wakubwa. Kwa nini tung'ang'anie cha Waingereza?

Jibu: Sing'ang'anii cha Waingereza. Ninaeleza kile ambacho mtahini atakikata na kamusi haitakithibitisha. Kiingereza sanifu kinasema "cope with", kumudu hali ngumu. Hiyo "up" imeingia kwa sababu ya "keep up with", kwenda sambamba na, "catch up with", kumfikia aliyetangulia, na "put up with", kuvumilia, ambazo zinafanana nayo kwa mlio na zinatumika katika mazungumzo yaleyale. Hali ni hiyohiyo kwa "discuss about" na "emphasize on": kitenzi hapo kinapokea shamirisho moja kwa moja, "discuss the budget", "emphasize the point". Wingi wa wanaokosea ofisini haukuondolei alama chache utakazokatwa.

Mwanachama, Makutupora: Mwalimu, mdogo wangu anahitimu mafunzo ya kijeshi, na kadi ya mwaliko imeandikwa "passing out parade". Nimeangalia kamusi nikakuta "pass out" ni kuzirai. Je, kadi imekosewa?

Jibu: Kadi haijakosewa, na umefanya vyema kuangalia kamusi kabla ya kuuliza. "Pass out" ina maana mbili zisizohusiana: kuzirai, na katika Kiingereza cha Uingereza, kuhitimu mafunzo ya kijeshi au ya polisi. Maana ya pili ndiyo tuliyoirithi kwenye magwaride yetu. Ukimwandikia Mmarekani "My brother passed out last Friday", huenda akakuuliza kama amepata nafuu, kwa hiyo ongeza mahali au chuo alichohitimu.

Mwanachama, Area C: Kwa kuwa Uingereza na Marekani zimetajwa, ninaomba kuuliza. Ninaandika mihtasari ya vikao, na mgeni mmoja kutoka Marekani alishangaa aliposikia kwamba hoja yake itakuwa "tabled" siku hiyo.

Jibu: Alikuwa na haki ya kushangaa. Kwa Waingereza "to table a motion" ni kuiwasilisha hoja ijadiliwe, sawasawa na sisi tunaposema hati imewasilishwa mezani bungeni. Kwa Wamarekani ni kuiweka kando, mjadala wake usimame. Penye wageni wa pande zote mbili, andika "submit" kwa kuwasilisha na "postpone" kwa kuahirisha, mkanganyiko utakwisha.

Mwanachama, Kibaigwa: Basi "give in" ni nini?

Jibu: Kusalimu amri au kukubali baada ya kushinikizwa: "The father gave in and bought the bicycle". Maana yake haimo katika somo, hivyo umefanya vizuri kuuliza. "Give out" ni kugawa, au kwisha nguvu kama "His legs gave out". Sasa tafuta sentensi mbili za kwako uzilete hapa, nami nitazisahihisha.

Mwanachama, Chamwino: Mimi nina nyongeza. Niligundua kwamba mambo ya redio, taa na simu yanatukosesha sana, kwa sababu tunafungulia redio na kukata simu. Nimeandika vyote katika ukurasa mmoja: "turn on the radio", "turn up the volume", "pick up the phone", "hang up".

Jibu: Ahsante sana, kaka, na wengine waige. Wengi husema "open the radio" kwa sababu hiyohiyo. "Hang up" imetokana na simu za zamani ambazo kipokezi chake kilitundikwa kwenye ndoano mazungumzo yakiisha. Ongeza usafiri katika ukurasa unaofuata: kwa basi na treni tunasema "get on" na "get off", lakini kwa gari dogo ni "get in" na "get out of". Kwetu yote ni kupanda na kushuka, ndiyo maana yanachanganya.

Mwanachama, Kongwa: Ninafundisha kidato cha kwanza, na darasa langu lina kamusi moja. Ni kamusi ipi inafaa, na nianzie wapi?

Jibu: Yoyote iliyotungwa kwa wanafunzi wa kigeni itafaa, hata toleo la zamani. Kamusi za aina hii zilitungwa na walimu kama wewe: A. S. Hornby, aliyekuwa akifundisha Japani, aliongoza utunzi wa ile iliyotoka huko mwaka 1942 na kuchapishwa na Oxford mwaka 1948, na sifa yake kubwa ilikuwa kuonyesha kitenzi kinafuatwa na nini. Ukiwa na nakala moja, usianze na kamusi, anza na vitendo vya darasani vinavyoonekana kwa macho: "hand out the books", "hand in your homework", "rub out the word", "put up your hand", "put away your pens". Tamka amri, wanafunzi waitende. Siku ya pili badilisha nomino ziwe viwakilishi, nao watende na kutamka: "hand them out", "hand it in", "rub it out", "put them away". Msaidizi wako akae na kamusi, na kila kitenzi kinapotokea asome kwa sauti kama mshale upo au haupo. Atakayesema "rub out it" asikemewe. Mpe chaki na ufutio, afute neno huku akiisema upya amri yenyewe hadi kiwakilishi kikae mahali pake, ndipo muende kwenye kitenzi kinachofuata.